Komenti Zinaniuma: Maswali Ambayo Wasanii Huniuliza Mara kwa Mara

Nimeshika akaunti za wasanii kwa miaka kadhaa sasa: Bongo Fleva, singeli, taarab ya kisasa, na mchekeshaji mmoja ambaye ndiye mwepesi wa kuumia kuliko wote. Kwa jina kazi yangu ni kuposti. Kazi yenyewe hasa ni kusoma komenti kabla mwenye jina hajazisoma. Maswali yaliyo hapa hunijia kila wiki, mengine kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba uliorekodiwa saa nane usiku. Mimi si daktari. Mahali panapohitaji daktari nimesema hivyo.

Watu mia wamenisifu, mmoja kanitukana. Mbona ninayemuwaza usiku ni huyo mmoja?

Kwa sababu akili yako inafanya kazi sawasawa. Mwaka 2001 mwanasaikolojia wa Marekani Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi wakakuta jambo lilelile karibu kila walipochungulia: baya hung'ang'ania akilini kuliko jema la ukubwa uleule. Wahenga walishaliona. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali ya aliyepewa zawadi sijaisikia.

Nilifanya kazi na dada mmoja wa taarab ya kisasa, simtaji jina. Video yake ilitoka saa sita mchana. Kufika magharibi komenti zilikuwa zimepita mia tatu na alikuwa amezisoma zote, amekaa chini studio karibu na soketi kwa sababu waya wa chaja ulikuwa mfupi. Tatu kati ya hizo zilihusu meno yake ya mbele, ambayo yamepandana kidogo. Kwenye video iliyofuata alimwomba mpiga picha amchukue upande wa kushoto tu, na kila penye neno la kufungua kinywa, mkono wake ulipanda hadi midomoni kama anasahihisha lipstiki. Mwongozaji alidhani ni madoido, akayasifia. Mimi niliyezisoma zile komenti nilijua.

Usiku ule nilichukua daftari la kaunta nikazipanga komenti za video ya kwanza kwa mafungu. Fungu kubwa kupita yote lilikuwa la moto na mioyo. Lililofuata ni la wafanyabiashara: mikopo ya haraka, waganga wa kila mkoa, dawa za kuongeza vile vinavyoongezwa. Matusi hayakujaza hata nusu ukurasa, na mengi yake yalitoka akaunti tatu, mbili kati yake zikikosea tahajia kwa namna ileile. Nikampelekea daftari. Hakupona papo hapo. Ila alicheka, akauliza kama waganga nao wahesabiwe mashabiki.

Nakushauri ufanye hivyo walau mara moja, kwa kalamu, si kwa macho. Na asiwe wewe unayehesabu.

Kila mtu ananiambia kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mbona hainisaidii?

Methali haina kosa, tunaisoma nusu. Ng'ombe hunywa maji akaondoka. Halali kando ya bwawa, wala haamki usiku wa manane kwenda kuangalia chura wameongeza nini. Msanii wa leo amelala na bwawa chini ya mto.

Ndiyo maana sipendi neno "jikaze". Nimeona wasanii waliojikaza. Mtu akijifundisha asiguswe na komenti, hujifundisha pia asiguswe na kitu kingine chochote, na siku ya kurekodi unasikia: sauti ipo, mtu hayupo. Roho nyepesi ndiyo iliyomfanya aandike wimbo uliomtoa. Moyo wake muuache ulivyo, mbadilishe mpangilio: nani ana simu, saa ngapi, yuko chumba gani. Karibu kila jibu lililobaki kwenye ukurasa huu linarudi hapo.

Mtu ambaye nikikutana naye Kariakoo angeniomba picha, inakuwaje mtandaoni ananitukania mama?

Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler aliandika kuhusu jinsi mtandao unavyomfungua mtu breki. Hajulikani jina, haonekani uso, na jibu halimfikii pale pale, kwa hiyo haoni macho ya anayeumia. Mimi nimeongeza langu: wengi hawaamini kuwa msanii anasoma. Wanadhani wanaandika kwenye ukuta wa choo.

Nimewahi kuwajibu watu wa namna hiyo kwa ujumbe wa faragha, kwa upole, nikiuliza tu, "Ndugu, tumekukosea wapi?" Wengi huomba radhi ndani ya dakika chache. Kijana mmoja aliniandikia kuwa alikuwa foleni ya benki tangu asubuhi na mtandao wa benki ulikuwa chini. Hiyo ndiyo sababu nzima ya tusi lililomlaza mtu na njaa.

Usilifanye hili kuwa kazi yako, hata hivyo. Wengine wakiulizwa hivyo ndipo wanapopata nguvu.

Nitatofautishaje ukosoaji na tusi? Sitaki kuwa msanii anayeziba masikio.

Angalia kinachoguswa. Mkosoaji anagusa kitu ambacho unaweza kukirekebisha: biti, mashairi, pumzi, rangi za video, kiingilio cha shoo. Mtukanaji anagusa usichoweza kukifanyia lolote ifikapo kesho: sura, rangi, kabila, dini, mama yako, mtoto uliyemzaa au ambaye hujamzaa.

Komenti iliyotusaidia kuliko zote nilizowahi kusoma ilisema hivi tu: kiitikio hakisikiki kwenye daladala. Haikuwa na salamu wala sifa. Wa pili akasema vivyo hivyo, akaja wa tatu. Tukapanda daladala la Mbagala na simu yetu, tukamwomba konda atuwekee. Kweli, besi ilikuwa imeifunika sauti yote. Studio hatukuisikia kwa sababu spika za studio ni za wenye nazo. Prodyuza alinuna siku mbili, kisha akapandisha sauti.

Katikati kuna eneo la ukungu. Mtu anasema "umefulia". Ni tusi, lakini huenda nyimbo zako tatu za mwisho zilifanana kweli. Hapo msanii asijiamulie mwenyewe. Muulize mtu mmoja anayekupenda na asiyekuogopa. Kama huna mtu wa namna hiyo, kumtafuta kuje kabla ya kutafuta meneja.

Nijibu au ninyamaze?

Watu wa mwambao wamejibizana kwa sanaa kabla ya umeme kufika. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alirushiana mashairi makali na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ikigombana. Taarab nayo ina mipasho yake, na kanga ina jina lake lililochapwa pindoni ili jirani alisome bila wewe kufungua mdomo.

Mfano ninaowapa wasanii ni wa Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, akarekodi sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, na akafariki mwaka 1950. Waliomwonea wivu walimtungia beti za kumkejeli: ametoka shamba, amevaa kaniki, na bila ile sauti angekula nini? Beti hizo zilizunguka mjini kama posti inavyozunguka leo. Siti hakusimama mlangoni kwa watu kuwapigia kelele. Alijibu kwa wimbo, na ujumbe wake ulikuwa kwamba uzuri wa sura na ukoo mkubwa si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwandishi Shaaban Robert aliyaandika haya katika wasifu wa Siti, na leo waliomkejeli hakuna anayewajua majina.

Kilichomlinda Siti ni kwamba wimbo huchukua muda. Kuna kutafuta vina, kukaa na wapiga udi na fidla, kurudia. Tusi likipita kwenye mikono hiyo yote hutoka limekuwa kitu kingine. Jibu la kwenye komenti huchukua sekunde kumi, na bado linatoka na moto wake wote. Kwa hiyo kanuni yangu: jibu kwa kazi, ukipenda hata mpasho, ila usijibu kwa kidole. Na usiende laivu ukiwa umelia. Nimeshazima laivu mbili za namna hiyo kwa kujifanya mtandao umekatika.

Kuna jambo moja la kujibu haraka, nalo ni uongo unaogusa pesa au usalama: shoo imeahirishwa, umefariki, umemdhulumu promota. Andika sentensi mbili kavu, weka tarehe, funga komenti za posti hiyo.

Meneja wangu anasema matusi ni kiki, yanakuza jina na kuongeza watazamaji. Ni kweli?

Yanaongeza, sitakudanganya. Bifu limeuza muziki Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na kila shabiki anakumbuka Timu Kiba na Timu Mondi, mashabiki wa Ali Kiba na wa Diamond Platnumz, zilivyokuwa zikikeshea mtandaoni. Lakini muulize meneja swali moja: hizo komenti nani anazisoma usiku? Faida ya kiki inagawanywa kwa asilimia za mkataba. Kukosa usingizi hakugawanywi.

Kama lazima bifu lifanywe, liwe la pande mbili zinazojua, liwe na tarehe ya kuisha, na familia zisiingizwe. Nimeona bifu la kupanga likageuka la kweli kwa sababu mtu mmoja alitaja mtoto wa mwenzake kwa utani.

Nipangeje nani ashike simu? Nielezee hatua kwa hatua.

Siku ya kutoa kazi, msanii hana nywila. Tunaibadilisha usiku wa kuamkia siku hiyo, na kwa siku mbili zinazofuata anayeingia ni mtu mwingine. Komenti kali kwa kawaida huja saa za mwanzo, wakati akaunti zinagombea kuwa za kwanza, na huo ndio wakati ambao msanii mwenyewe hajalala vizuri, hajala, na ana deni la video.

Asubuhi, baada ya chai, anapewa taarifa kwa mdomo. Sio picha za skrini. Kwa mdomo, kwa sababu mtu mwenye ubinadamu hawezi kutamka mbele ya mwenzake maneno anayoweza kuyafowadi bila kupepesa. Namwambia: watu wamependa ubeti wa pili, wengi wanauliza gauni limeshonwa wapi, wachache wanalalamika kuhusu sauti, na kuna matusi ya kawaida. Akiuliza "ya kawaida ndiyo yapi?" namwambia ya kawaida.

Simu ichajiwe sebuleni. Wote hunijibu kwamba simu ndiyo saa yao ya kuamkia. Nunua saa ya mezani, zipo za bei ya chakula cha mchana. Nusu saa kabla ya kupanda jukwaani hakuna kuperuzi kabisa, hata sifa, maana kwenye sifa ndipo tusi linapojificha. Kuna usiku mmoja nilichelewa. Aliingia jukwaani amesoma kuwa amenenepa, na shoo nzima aliimba amekunja mikono tumboni.

"Sina pesa ya kuajiri mtu." Najua. Tafuta msanii mwenzako aliye kwenye hali kama yako mbadilishane: yeye asome zako, wewe usome zake. Matusi ya mwenzako hayakuchomi kama yako, utaona mengine hata yanachekesha. Mdogo wako pia anaweza, ila asiwe mtoto na asiwe mama yako.

Kisha huyo anayesoma naye ni mtu. Kuna mwaka nilianza kuota komenti ambazo hazikuwa hata zangu. Siku hizi tunapokezana, siku tatu kwa siku tatu, na siku zangu za mapumziko sifungui hata akaunti yangu.

Nitumie mipangilio gani ya akaunti?

Instagram ina sehemu ya kuandika maneno ambayo hutaki yaonekane kwenye komenti na kwenye maombi ya ujumbe, yenyewe huyaficha. Ina pia njia ya kumbana mtu bila kumbloki: anaendelea kuandika, anaona komenti yake ipo, lakini wengine hawaioni mpaka wewe uikubali. Hii naipenda kuliko kubloki, kwa sababu aliyeblokiwa hupiga picha ya skrini akatamba nayo. Dhoruba ikiwa kubwa, unaweza kuzuia kwa muda wote wasiokufuata na wale walioanza kukufuata juzi. YouTube nayo inakuruhusu kushikilia komenti hadi zikaguliwe, kuweka orodha ya maneno yaliyozuiwa, na kumficha mtu kwenye chaneli yako bila yeye kuarifiwa. TikTok ina kichujio cha maneno pia.

Shida ni lugha. Vichujio vya kampuni hizi vinakijua Kiingereza kuliko Kiswahili, na Sheng ndiyo kabisa. Orodha utaitengeneza mwenyewe, na uandike kama wanavyoandika watukanaji: herufi zilizorudufiwa, tatu badala ya e, nyota katikati ya neno.

Na uwe makini. Mara ya kwanza niliweka neno "shoga" kwenye kichujio cha yule dada wa taarab. Kesho yake akanipigia akiuliza mashabiki wake wamekwenda wapi. Kumbe nusu ya wanawake wanaomfuata huanza komenti kwa "shoga yangu", kama mashoga wa Unguja na Tanga walivyoitana siku zote. Niliwahi kuweka pia "kufa", nikapoteza kila aliyeandika "nimekufa kwa sauti hii". "Mchawi" niliiondoa siku hiyohiyo, maana kwa Mswahili hiyo ni sifa ya mpiga kinanda.

Ndugu zangu ndio wanaonitumia matusi: "Umeona hii?" Niwafanyeje?

Hili ndilo jeraha ambalo watu hawalizungumzii. Umefunga komenti, umempa mtu simu, kisha shangazi anakufowadia tusi kwenye grupu la familia akiwa na nia njema kabisa, na watu kumi na nane wanaliona pamoja nawe. Kwa watu wetu tusi halimgusi mtu mmoja. Likisemwa ni la ukoo, kwa hiyo ukoo nao unaumia na unatafuta pa kupeleka maumivu yake.

Usiwanunie. Nenda nyumbani, si kwa simu, ukae na mkubwa mmoja anayesikilizwa. Sema: "Shikamoo shangazi. Nimekuja na ombi. Mkiona mtu amenitukana, msinitumie mimi, mtumieni fulani, ndiye ninayemlipa kwa kazi hiyo." Mpe namba. Watu wazima hupenda kupewa namba ya mhusika. Kuhusu mama, mtoe kabisa kwenye ukurasa wako kama anakubali, umfungulie grupu dogo la picha zako tu. Mama wa msanii mmoja ninayemfahamu alikuwa akijibu kila mtukanaji kwa dua. Ilikuwa inapendeza, mpaka wakaanza kumtukana yeye.

Mashabiki wangu wako tayari kunipigania. Niwaruhusu?

Hapana. Watakwenda kumfanyia mtu mwingine kilekile kinachokuliza wewe, na pengine huyo ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Ukiona wameanza, waambie waache, kwa jina lako, hadharani.

Na kama nimekosea kweli?

Omba radhi mara moja, kwa maneno yako, bila "kama kuna aliyekwazika". Kisha ondoka mtandaoni siku kadhaa. Radhi hairudiwi kila anapokuja mtu mpya kuidai.

Sheria inanilinda?

Kiasi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kenya ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 27, ambayo adhabu yake inafika shilingi milioni 20 au miaka 10. Ya Kenya imefanyiwa marekebisho mwaka 2025 na marekebisho hayo yakapelekwa mahakamani, kwa hiyo muulize wakili kabla ya kuitegemea.

Ushahidi kwanza, hasira baadaye. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa; nakili kiungo; mwambie mtu mwingine afanye vivyo hivyo kwenye simu yake. Ukianza kwa kufuta, umemfutia yeye kosa.

Akitishia kusambaza picha zako za utupu, usilipe, maana anayelipwa mara moja hurudi. Kuna huduma ya bure inayoitwa StopNCII, iliyoanza mwaka 2021, ambayo inatengeneza alama ya kidijitali ya picha hiyo kwenye simu yako mwenyewe. Picha haitoki, inayotumwa ni alama tu, na mitandao iliyojiunga huitumia kuitambua picha na kuizuia. Ni ya watu wazima. Kama aliye kwenye picha ni mtoto, kwa Tanzania na Kenya piga 116.

Niseme langu hapa. Sheria hizi zimewahi kutumika kuwabana watu waliosema ukweli tu, na msanii asiwe wa kuzikimbilia kwa sababu mtu kasema albamu ni mbovu. Kitisho cha kuuawa, ndiyo. Picha za utupu, ndiyo. "Huna kitu", hapana.

Nchi nyingine zimelifanyia nini jambo hili?

Korea Kusini ilijifunza kwa machungu. Mwimbaji na mwigizaji Sulli alifariki Oktoba 2019 akiwa na miaka 25, baada ya miaka ya kushambuliwa mtandaoni, na mwezi uliofuata akafariki rafiki yake Goo Hara, naye mwimbaji. Daum, tovuti ya habari ya huko, ilifunga komenti kwenye habari za burudani mwezi huohuo wa Oktoba, na Naver, mtandao mkubwa zaidi, ikafuata Machi 2020. Walifunga kabisa, si kuchuja. Japani, baada ya kifo cha Hana Kimura, mpiga mieleka aliyekuwa kwenye kipindi cha televisheni, mwaka 2020, iliongeza mwaka 2022 adhabu ya kutukana hadi kifungo cha mwaka 1 au faini ya yeni 300,000.

Kinachonigusa zaidi ni kile cha Wakorea, kwa sababu ni cha mpangilio. Nasi tunaweza kukifanya leo bila Bunge: blogu za udaku zinaweza kufunga komenti kwenye habari ya msiba, ya ujauzito, ya mtu aliyelazwa. Zinajua kwa nini hazifungi.

Nifute akaunti kabisa?

Kama kipato chako hakitegemei, pumzika utakavyo. Kama una mkataba wa ubalozi wa bidhaa unaodai posti kila wiki, usome kwanza. Mara nyingi unadai posti, haudai kwamba uziposti wewe mwenyewe wala uwe na komenti zilizo wazi. Mikataba mipya tunayosaini sasa ina kipengele cha wiki mbili za kukaa kimya kwa sababu za kiafya. Kampuni ya kwanza tuliyoiomba ilishangaa. Ya pili ikauliza tu tuandikeje.

Nitajuaje kuwa hili limevuka uwezo wa marafiki, nahitaji daktari?

Huzuni ya komenti mbaya hupanda na kushuka. Ikikaa karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, ikaambatana na kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, chakula kukataa, kujiona huna thamani, na muziki wenyewe kutokuwa na ladha, hiyo huenda ni sonona, na sonona ina tiba. Dalili nyingine ninayoiangalia kwa wasanii ni pombe au vidonge vya usingizi kuanza kuwa "vya kunisaidia tu nilale".

Ukipata mawazo ya kujidhuru, usisubiri wiki mbili. Mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, asikuache peke yako, nendeni hospitali yoyote iliyo karibu. Kenya, Msalaba Mwekundu wana namba ya bure, 1199. Na kama mtu wa Kenya anaogopa kusema kwa sababu ya polisi, ajue kuwa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na Katiba.

Kuna kikwazo chetu cha maneno. Dodoma ina Mirembe, Nairobi ina Mathari, Unguja ina Kidongo Chekundu, na kote huko jina la hospitali limegeuzwa tusi. "Mpelekeni Mirembe" ni komenti ninayoifuta kila siku. Msanii anayeitwa hivyo mchana hawezi kwenda huko jioni bila kuhisi kuwa mtukanaji kashinda. Kwa wengi si lazima kuanzia huko: Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, hospitali nyingi za rufaa zina kliniki, na mwanasaikolojia unaweza kumwona kwenye chumba cha kawaida chenye kiti na meza. Nimemsindikiza msanii mmoja, amevaa kofia na miwani na barakoa. Muuguzi alimtambua kwa sauti, akamwita "mwanangu", akampa namba ya foleni kama wengine.

Yule dada wa meno aliishia wapi?

Hili nalo naulizwa sana, nikishawasimulia. Anaimba bado. Nywila anayo dada yake wa Tanga, ambaye hapendi muziki na huzisoma komenti kama anasoma bili ya maji. Meno hakuyafanyia kitu, ingawa aliwahi kuuliza bei ya waya, akaiona, akanunua friji.

Si kwamba amepona kabisa. Mwezi uliopita alinipigia saa tano usiku, kaazima simu ya mtoto wa jirani, kaingia, kasoma. Nikamuuliza umesoma ngapi. Akasema moja tu. Nikamwambia airudishe simu ya watu, nikakaa naye kwenye laini mpaka nikasikia mlango wa jirani ukigongwa.